Hatua ya Sita

Kitabu kilikuja na sanduku la nguo kuukuu
kutoka kwa nesi Mholanzi aliyehama Mbale
na kumwachia mama pasi mbili, blanketi
na nchi kumi na nne ndani ya jalada moja.
Mchwa walikuwa wameshakula ukingo wa chini,
kwa hiyo kila pishi lina hatua tano.
Ya sita ni vumbi.

Mama hakujali. "Waliokula mwisho si walishiba?
Basi nasi tutashiba."

Jumapili ya kwanza tulikwenda Ugiriki.
Bilinganya za soko la Namatala, vipande vyembamba,
nyama ambayo Wamboga bucha aliipondaponda kwa panga
kwa kuwa mashine yake ya kusaga ilikuwa imekufa,
maziwa, unga wa ngano, siagi ya kopo.
Oveni hatuna. Sufuria juu ya sigiri,
makaa chini, makaa mengine juu ya mfuniko,
na dada yangu Khainza anapepea kwa kipande cha boksi
mpaka nyusi zake zikawa za bibi kizee.
Hatua ya tano: acha ipoe kidogo, kisha
mchwa.
Mama akachungulia, akanusa,
akainuka kwenda kwenye kopo la karanga.

Uhispania ilitaka kome ndani ya wali wa manjano.
Sisi bahari hatuna, tuna Wanale,
mlima unaomwaga maji matupu.
Mama akatia malewa, machipukizi ya mianzi
ambayo shangazi aliyakausha kwa moshi huko Bududa.
"Kome wa mlimani," akasema, bila kucheka.
Bi Ramila wa jirani akaonja, akaweka kijiko chini,
akauliza hiyo Uhispania ni ya upande gani.

Nisiseme uongo: nilikuwa nashiba kwa heshima tu.
Saa tatu usiku najitia kwenda kununua vocha
na miguu yenyewe inashika njia ya Namakwekwe,
kwa Mugide, kijana wa chapati,
chini ya balbu iliyoning'inizwa kwa kamba ya katani.
Mayai mawili, kabichi, nyanya, kitunguu,
uma unapiga kikombe cha plastiki, ka-ka-ka-ka,
anamimina, anafunika, anageuza, anakunja
ndani ya gazeti la juzi,
na hotuba ya waziri inaloa mafuta hadi haisomeki.

Halafu ikaja Italia.
Tabaka juu ya tabaka, ikatoka sufuriani kama godoro
la mtoto anayekojoa usiku.
Mjomba Wepukhulu aliomba dua ndefu kabla ya kula
na baada ya kula hakusema neno.
Nikaenda kununua vocha mapema.

Kwenye benchi la Mugide, leso ninayoijua.
Mgongo ninaoujua. Mkoba umepakatwa,
sahani ya kikomando juu ya mkoba,
na vidole vinawinda harage la mwisho
kati ya vipande vya chapati.
Tukatazamana.
"Mama," Mugide akasema, "huyu ni mteja wangu."
"Na mimi ni mwanangu."
Akasogea kidogo. "Kaa. Ulaya inachosha kiuno."

Kumbe alianza kuja tangu Ugiriki.

Akachomoa ukurasa mkobani, akamwonyesha Mugide
pale Italia ilipokatikia.
Kijana akafuta mikono kwenye aproni,
akasoma polepole, midomo inacheza,
yai linaungua pembeni.
"Mimi ningekunja," akasema.
Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei.

Tulirudi kimya, mbwa wa watu wakitubwekea.
Khainza alikuwa bado anasugua sufuria, majivu hadi kiwikoni.
Akainusa hewa iliyoingia nasi mlangoni.
Hakuuliza tulikuwa wapi.
"Mmeniletea?"

Mama akafungua mkoba.
Magazeti ya Mugide yalikuwa yamekwisha:
roleksi ilikuwa bado ya moto,
imekunjwa ndani ya Italia.