Bloa Inawaka Halafu Inazima

Ukiandika "bloa" peke yake, simu inakupeleka Kariakoo:
maghorofa ya vioo, mashine mpya zimepangwa kama wanafunzi mstarini,
bei haijaandikwa, "tupigie".
Ukurasa wa kwanza wao, wa pili wao,
wa tatu ndugu zao.
Mimi, Ajili Nampota, fundi, Tandahimba,
nyuma ya ghala la ushirika,
niko ukurasa wa kumi na moja,
mahali ambapo hata mimi nilichoka kabla ya kujifikia.

Somoe, mtoto wa dada yangu, akanicheka.
"Mjomba, unagombea kichwa cha ng'ombe na wenye mabucha.
Chukua mkia."
Nikamwambia wahenga walishasema,
aliyekula ng'ombe mzima hashindwi na mkia.
"Hawa wameshindwa," akasema. "Ni mrefu. Hawana muda nao."

Nikanunua daftari.
Tangu hapo sisikilizi mashine kwanza, nasikiliza mtu.
Mtu wa Mahuta haji akasema "kabureta".
Anasema: inawaka halafu inazima nikifungua salfa.
Anasema: inakohoa kama bibi.
Anasema: kamba imekatika na fundi wa Newala kasafiri.
Naandika kama ilivyo, na makosa yake,
maana usiku, ndani ya chandarua, chaji asilimia sita,
ndivyo atakavyoiuliza simu.

Somoe akazipandisha, kila shida na ukurasa wake,
jibu la kweli, na picha ya vidole vyangu vyeusi.
Juni, maua yanachungulia, ubwiriunga haungoji,
"bloa inawaka halafu inazima ukifungua salfa":
wa kwanza, mimi.
Juu ya maghorofa ya vioo!
Watu watatu kwa wiki. Kisha tisa.
Nilimwonyesha mke wangu;
akauliza kama wa kwanza analipwa.

Kariakoo wakaona. Wana watu wa kuona.
Julai wakainakili sentensi yangu nzima, hadi "ukifungua",
wakaibandika Tandahimba mwishoni,
na Masasi, na Nachingwea, na Ruangwa, na Liwale,
kama mwalimu anayeita mahudhurio ya darasa asilolifundisha.
Nikashuka hadi wa tatu.
Mzee mmoja wa Kitama akawapigia;
wakamwambia aitume mashine kwa basi.
Maua hayasomi ratiba ya basi.

Nikaurefusha mkia.
Nikaandika "inazima jioni tu".
Nikaandika "ile ya mkopo, yenye stika ya kijani".
Nikaandika "fundi anayekuja shambani Nanhyanga kwa pikipiki hata Jumapili".
Hilo la mwisho walilinakili pia,
ila pikipiki haikunakilika.

Sasa, kuna orodha Somoe hunifungulia mwisho wa mwezi:
maneno ya watu waliotufikia kwa kubahatisha.
Agosti, mstari wa chini kabisa,
mara moja, mtu mmoja:
"bloa ya marehemu mume wangu inawashwaje".

Hatukuwa na jibu.
Simu ilimtupa kwenye ukurasa wa kamba iliyokatika,
akakaa sekunde kumi na moja, akaondoka.

Usiku ule sikumwita Somoe.
Niliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja:
Fungua mafuta. Hesabu hadi ishirini.
Usiivute kwa hasira, inajua.
Ni nzito kwa kila mtu, hata kwake ilikuwa nzito.
Mikanda ilikazwa kwa mabega yake;
kaa chini, ifungue, ipime upya kwa yako.
Funga kitambaa puani.
Anza na mkorosho wa karibu na nyumba, ule mfupi.

Asubuhi Somoe akasoma, akakuna kichwa.
"Mjomba, hii haitafutwi na mtu. Ni mmoja tu, tena alishapita."

Najua.
Lakini akirudi kuuliza, ataukuta.
Wa kwanza.
Hakuna wa pili.