Nyuma Tu

Niliona mbuzi, sikuona jiwe.
Mbuzi nikampisha. Jiwe, jeupe, limejilaza
kando ya barabara ya Baolala kama lisilo na neno,
likanichania ubavu wa tairi.

Mpasuko wa vidole vitatu.
Nilitia kidole nikazigusa nyuzi za ndani,
zimekatika, zimesimama
kama nywele za mtu aliyeshtuliwa usingizini.
Tairi la meno makubwa, la mkopo,
na awamu mbili bado sijalipa.

Malindi mjini, fundi wa kwanza hakulishika hata.
Wa pili akalipima kwa macho, akanipa bei ya katambuga:
jozi kumi, na masalio atengeneze chombo
cha kunyweshea hao kuku wako.
Wa tatu alikuwa na huruma. Akasema,
"Mama, uso wa tairi ukitobolewa unatibika,
uso umezoea misumari.
Ubavu unapumua.
Kitu kinachopumua utakizibaje?"

Sikumjibu. Mwaka ule kila mtu alikuwa na la kusema juu ya ubavu.
Shangazi zangu walikuwa wakiuliza wangu yuko wapi,
na wengine, wakiniona nikipakia gari peke yangu,
maboksi ya vifaranga mia mbili wa siku moja,
walisema huna ubavu wa njia hiyo, Nyevu,
iache kwa wanaume.

Thoya yuko Maweni, nyuma ya duka la makaa.
Hakutikisa kichwa. Alilinusa tairi,
akauliza swali ambalo wenzake hawakuuliza:
"Unataka likufikishe wapi?"
Nikasema, popote penye watu.
"Basi spea nitakushonea. Tairi, sikushonei."

Akasugua kwa msasa mpaka weusi ukawa kijivu.
Akachoma spoki ya baiskeli motoni, akatoboa matundu,
huku na huku, mbali kidogo na kidonda,
kwani ukishona karibu, alisema, unashona kilichokwisha kufa.
Shazia ya magunia. Uzi wa nailoni, mara mbili.
Nikahesabu mishono kumi na minane,
na kila mmoja aliuvuta kwa goti.

Kisha gundi, na kungoja.
Nikataka kuharakisha. Akanionyesha mgongo wa kidole:
ikinata, bado.
Kiraka cha ndani alikikata duara,
"kona ndiyo huinuka kwanza,"
akakitwanga kwa nyundo ndogo kutoka katikati kwenda nje,
akitoa hewa, kama anayemcheulisha mtoto.
Na tyubu juu yake, asiamini kazi yake mwenyewe kupita kiasi.

Mwisho akachukua rangi nyeupe.
NYUMA TU, aliandika, kwa herufi za kujivuna,
na chini yake alitaka kuandika POLEPOLE
lakini akafika kwenye mishono, nafasi ikamwishia.
Ikabaki POLE.
Tukalitazama. Hakulifuta.
Akanitoza mia sita, na chai nikanunua mimi.

Mwezi wa tatu, nimeshaipita Langobaya, la mbele likalia.
Nilifanya alivyoniagiza:
la nyuma nikalileta mbele, la kushonwa nikaliweka nyuma.
Jeki mara mbili, jua la saa saba,
vifaranga mia mbili wakinisimanga kwa sauti moja.

Likabeba. Lilivimba kidogo pale kwenye mishono,
shavu la mtu mwenye jino bovu, lakini likabeba,
nami mguu juu ya mafuta nimeuweka
kama ninayekanyaga yai.

Karibu na Baolala kijana wa baiskeli akanipita,
magunia mawili ya makaa nyuma yake, miguu mitupu.
Akageuka, akalisoma lile gurudumu
lilivyokuwa likizunguka taratibu, herufi kwa herufi,
akainua mkono:

"Nishapoa!"