Sufuria ya Mishi

Nilimuua kwenye ukurasa wa tisa,
Mishi wangu wa wino, mpole, asiyedai.
Alikufa vizuri: neno moja la mwisho,
dirisha wazi, kila mtu akalia kwa zamu.

Asubuhi Mishi wa Kibokoni akagonga mlango.
"Sufuria yangu i wapi? Toka Maulidi, wewe!"
Leso si za doti moja, vidole vyanuka bizari,
akaanza kisa cha mkwewe, akakiacha katikati,
akacheka, sijui kwa nini.

Yule wa wino namjua hadi anachoota.
Huyu nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini,
leo ndio kwanza naona
ana kovu nyuma ya sikio.

Sikumuuliza.
Nilimrudishia sufuria. Kifuniko sikukiona.