Masikio ya Mkurugenzi

Mkurugenzi hakuwa na muda wa kukaa.
Alituma picha tatu, moja ya pasipoti,
na dereva akasema: mama, fanya afanane tu.

Kabasinguzi akazipanga mezani,
akazitazama kama mtu anayenusa maziwa ya jana.
Uso upo, alisema,
ila masikio picha zote zimeyameza.
Ndipo akavuka barabara, akanikuta langoni
na bunduki ya kampuni,
akanizunguka mara mbili, kimya,
kama mnunuzi wa mbuzi.
"Afande, nikopeshe masikio."

Nilikuwa nimetoka jeshini na Kiswahili changu cha kambini,
lugha ambayo hapa Jinja watu wazima
wakiisikia usiku hukagua komeo.
Yeye alinijibu kwa hiyohiyo,
taratibu, akichambua maneno kama mchele.

Karakana yake: ghala la pamba la Mhindi aliyeondoka,
1938 juu ya mlango, popo darini,
magunia ya udongo wa Kajjansi
yamefunikwa matambara mabichi kama wagonjwa wa homa.
Ukutani nyuso, nyuso, juu ya lubugo:
fundi saa, mtoto wa Walukuba mwenye surua,
mwanamke aliyelipa kuku wawili ili achorwe
kabla hajanyolewa kwa ajili ya upasuaji.
"Rangi huzama humu," aliniambia.
"Ukikosea umekosea. Kama kusema."

Jumapili sita nilikaa kigwaride.
"Legeza, Adriko. Taya hilo bado linangoja amri."
Kidole gumba chake kipana, kimepinda,
kilinigusa nyuma ya sikio
mahali ambapo tangu utotoni hapakuguswa,
kikarudi kwenye udongo, kikabonyeza palepale.
Sikio langu la kulia lina pengo nchani.
Hakuuliza. Aliliweka.

Nta ilipomwishia nilipiga simu kwetu Maracha.
Mama akatuma kwa basi bonge la manjano
lenye mguu wa nyuki ndani.
Tukapaka nta, tukaifunika udongo na kinyesi cha ng'ombe,
tukachoma usiku kucha.
Nta ya mama ikatoka kwa tundu, matone, kisha moshi,
na pale ilipokuwa zikaingia
koki za maji, kufuli, kengele ya shule,
shaba yote ya wauza chakavu wa Masese.
Niliuliza imekwenda wapi.
"Muulize moto," alisema, akikohoa.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na tarumbeta na soda.
Kitambaa kikavutwa: ni yeye! ni yeye hasa!
Mkurugenzi akajipapasa sikio la kulia.
Mkewe alichelewa kupiga makofi.

Miaka minane nililinda masikio yangu.
Njiwa walimpenda.
Ukijani ulianzia kwenye kola, ukapanda.
Wateja walinisalimia bila kunitazama,
wakamtazama yeye, wakasema: ana sura ya mtu anayesikiliza.
Nilinyamaza. Sikulipwa kwa kusema.

Kabasinguzi alifariki msimu wa senene,
taa za mji zote zikizungukwa na mabawa.
Ndugu walikuja na lori kutoka Fort Portal.
Nyuso zikakunjwa, zikafungwa kamba ya katani.
Fundi saa alisimama kando ya lori
mpaka likaondoka.

Mwaka huu benki imeuzwa.
Wenyewe wapya wana nembo ya rangi ya machungwa.
Vijana wanne wakamng'oa asubuhi, kabla ya foleni,
wakambeba kama mtungi,
na mkaguzi akaandika kwenye daftari:
kichwa, kimoja, shaba, kilo thelathini na moja. Stoo.

Mtu wa Masese amekuja mara mbili kuuliza bei ya kilo.
Mara ya pili alileta nyama choma.
Nilikula nyama. Bei nikasema siijui.

Mama naye hasikii vizuri siku hizi,
simuni inabidi nipige kelele.
Zamu yangu huanza saa kumi na mbili jioni.
Ufunguo wa stoo ninao mimi.