Kilichoandikwa kwa Penseli

Tulikuwa watatu chumba kimoja, chini kabisa,
kwa kuwa paa la ghorofa ya pili lilikuwa likivuja
na mkuu wa kitivo alisema tuvumilie hadi bajeti ya Machi.
Machi ya mwaka gani, hakutaja.

Varazdat alikaa ubavuni mwa bomba la joto,
akiifundisha kompyuta kusoma mwandiko mbaya.
Hrachuhi alikaa dirishani, penye ufa
ulioruhusu waya wa antena kupenya.
Setilaiti yao, ndogo kama kopo la majani ya chai,
ilinyamaza siku ya kumi na moja tangu irushwe.
Kila ilipopita juu ya Gyumri, Hrachuhi alijaza jedwali:
Kimya. Kimya. Mawingu. Kimya.

Na mimi, mtu wa biashara,
niliyechekwa na wote wawili kwa upole,
nilikuwa na daftari.

La Siranush, mwenye duka nyuma ya stesheni.
Miaka thelathini ya kukopesha:
mikate miwili, sukari nusu kilo, viberiti;
mke wa fundi viatu, atalipa Ijumaa;
yule mrefu, jibini.
Yote kwa penseli.
Nilimuuliza, mbona si kalamu?
Akasema, wino ni wa serikali.
Dawa ya deni ni kulipa;
dawa ya aibu, mwanangu, ni kifutio.

Tasnifu yangu iliuliza swali kavu:
kwa nini duka lisilodai halikufilisika?
Msimamizi alitaka namba.
Namba zilikuwa zimefutwa.

Basi Varazdat akalipiga daftari picha, ukurasa kwa ukurasa,
taa ikiwa imelazwa pembeni, kama jua la saa kumi na mbili.
Kompyuta haikusoma maandishi, ilisoma makovu:
pale karatasi ilipobonyezwa, pale ilipoachwa salama.
Usiku wa tatu madeni yakaanza kufufuka.
Unga. Mafuta ya taa. Unga. Dawa ya kikohozi.
Majina ya watu ninaosalimiana nao sokoni,
mmoja wao leo ana hoteli,
na chini ya jina lake, mara arobaini: mkate, mkate.
Na mengine yalifutwa bila kulipwa.
Hayo ndiyo yaliyokuwa mengi.

Nilimpelekea Siranush kurasa, nikiringa.
Akavaa miwani. Akaivua.
Akaniuliza kama nimekula.
Kisha akasema, bila kupandisha sauti,
kwamba alifuta ili pasomeke patupu.

Nilirudi kwa miguu, theluji ikinipiga usoni.
Namba nilikuwa nazo, tena nzuri.

Hrachuhi ndiye aliyevunja ukimya wa siku ile.
Akasema, kama mashine yako inasoma kilichofutwa,
hebu ilishe makelele yangu.
Varazdat akasonya, akasema karatasi si anga,
akakaa nayo wiki mbili, halali vizuri, hanyoi ndevu.
Jumanne moja, ndani ya mvumo wa miezi mitano,
ikatoka mistari miwili:
betri, volti tatu nukta moja;
joto, chini ya sifuri nyuzi kumi na tisa.
Si habari kubwa.
Ni mtu aliye mbali, koo limemkauka,
ambaye muda wote alikuwa akisema, nipo,
nasi tukiandika: kimya.
Hrachuhi alirudi kwenye jedwali lake
akakaa akilitazama tu.

Tasnifu niliiwasilisha na sura moja pungufu.
Nilieleza mbinu, nikaacha majina, nikaacha jumla.
Mtahini kutoka Yerevan akagonga ukurasa kwa kidole:
hapa pamepotea kitu.
Nikamjibu, hapajapotea. Pamefutwa.
Wakanipa alama ya wastani.

Jioni nilipita dukani, nikamweleza Siranush
habari za kile kikopo kinachozunguka juu yetu,
kwamba kiligharimu fedha nyingi za watu
na mpaka sasa hakijarudisha chochote ila baridi yake.
Akatafuta penseli nyuma ya sikio.
Kinaitwaje? akauliza.
Nikamtajia.
Akaandika. Atalipa Ijumaa.