Mgeni wa Siku ya Tatu

Siku ya tatu sitawapa jembe.
Nitawapa ramani, na mayai mawili kila mmoja,
na makoti ya mvua yaliyo nyuma ya mlango.
Lile la kijani linavuja bega la kushoto.
Mawingu ya huku hayana adabu, hayabishi hodi.

Anzeni Bempton, mapema, upepo ungali umelala.
Mtaipata harufu kabla ya kuliona jabali:
ndege kwa maelfu, wamebanana ukutani
kama mashabiki walionyimwa viti.
Wale wafupi wenye midomo ya rangi,
utadhani wamedokoa rangi za mtoto wa shule,
msiwatafute Agosti. Huondoka bila kuaga.

Whitby mtapanda ngazi. Ni mia na tisini na tisa,
ndivyo isemwavyo,
ila kila mgeni hurudi kwangu na hesabu yake.
Mwaka jana Bwana Pargeter wa Leicester
alipata mia mbili na tatu, mkewe mia na tisini na nne.
Hawakusemezana
mpaka nilipoleta pai ya tufaha.
Samaki na chipsi leni mkiwa mmeupa ukuta mgongo.
Shakwe wa bandarini hawaibi,
wanakusanya ushuru.

Chumvi ikiwachosha, ingieni bara
kwa njia ya miguu inayokata shamba la Thwaite.
Kupita ni haki yenu. Atawakazia macho, nanyi mwamkieni tu,
na mfunge kila lango mlilolifungua.
Kondoo watawatazama
kama makarani mliowakatiza chai.
Mbele, bondeni, kuna kijiji kisicho na mtu,
nyasi zimejitandika juu ya misingi ya nyumba,
kanisa limebaki kuta, na anga ndiyo paa.
Nyamazeni kidogo.
Kisha leni mikate yenu, hakuna wa kuwauliza.

Spurn, ule ulimi wa mchanga, si mahali pa haraka
wala pa kuchelewa.
Someni jedwali la maji kupwa na kujaa.
Msije mkalala huko na sili.

Na mkipata nafasi,
si lazima,
kuna benchi.

Halimo katika ramani.
Lipiteni duka la Doreen, ufuateni ua wa miiba
hadi barabara ikatike. Imekatika kweli,
lami inaishia hewani.
Bahari yetu ni mwenye nyumba mkali:
kila mwaka huja kudai kodi
na hulipwa udongo.
Benchi limeshasogezwa nyuma mara mbili.

Lina kibao cha shaba. *Arnold Stather. Alipapenda hapa.*
Uongo mtupu.
Alipachukia. Baridi ilimla hadi kwenye meno.
Alikuwa akija kunitazama nikiogelea,
taulo begani, saa mkononi,
akizihesabu dakika kwa sauti ili nimsikie.
Lakini kibao ni kidogo
na fundi alitoza kwa herufi.

Magoti yangu hayafiki tena.
Basi nifanyieni jambo moja:
pimeni hatua kutoka mguu wa benchi hadi ukingoni,
msifike ukingoni kabisa, kadirieni zile mbili za mwisho.
Machi zilikuwa kumi na nne.
Bwana Pargeter alileta tisa,
lakini mmeshasikia habari za Bwana Pargeter na hesabu.

Ufunguo uko chini ya chungu cha maua.
Kiamshakinywa ni saa mbili, chakula cha jioni saa moja,
na leo mkichelewa
sitaondoa sahani.