Tumia Karatasi ya Ziada

Fomu ya manunuzi imeacha mistari mitatu
chini ya neno SABABU.
Mistari mitatu, Bwana Chilumba, haitoshi.
Ukungu umepanda Newala tangu alfajiri,
umeingia hadi chumba cha seva kwa dirisha lililokosa kioo,
nami ninaandika nimevaa sweta.

Umeniuliza kwa nini diski moja iuzwe bei ya diski tatu.
Umeniletea ile ya Kariakoo, boksi linametameta,
ukasema, "Mbio zake hizi hapa, zimeandikwa."
Kweli zimeandikwa.
Mbio si ndizo zilizotuangusha mwaka jana.

Mwaka jana, Oktoba, mzani wa tatu,
foleni imefika ukuta wa ghala.
Bi Apronia Nanguka, kilo mia nne na kumi na mbili, daraja la kwanza.
Karani akabonyeza. Seva ikaiuliza diski: umeandika?
Diski ikajibu: nimeandika.
Ikawa haijaandika.
Ilikuwa imezificha kilo zile shavuni
kama mtoto aliyeambiwa ameze kwinini,
na umeme ukakatika.

Uliporudi, Bi Apronia alikuwa sifuri.
Hakupiga kelele. Alifungua fundo la kanga,
akatoa kipande cha karatasi kilicholowa jasho,
akakiweka mezani pangu, akakinyoosha kwa kidole gumba:
mia nne na kumi na mbili.
Fundo la kanga halijui mgao wa umeme.
Wewe ulikuwa likizo, Ndanda.
Mimi ndiye niliyetazamwa.

Na usiniambie kuna betri chini ya meza.
Ile hulia mara mbili kisha huzima,
mlinzi anayepiga filimbi huku anakimbia.

Ninayoiomba mimi, isiyozunguka, isiyo na sindano,
ina kapasita ndogo safu mbili, kama punje za mtama.
Hazina umeme wa kuchemsha hata kikombe cha chai.
Ni pumzi tu.
Giza likiingia katikati ya sentensi,
diski hii humaliza sentensi, ndipo hufa.
Binadamu wangapi wamejaliwa hivyo?

Wala usinidhanie tamaa; ile ya mabenki siitaki.
Muuzaji wa Dar alinisukumia inayostahimili
kuandikwa na kufutwa yote mara kumi kwa siku.
Nikakaa nikapima, wiki nane za msimu:
hata siku ya mnada, simu zikiita mpaka usiku,
hatuandiki robo ya diski nzima.
Ya mara moja kwa siku, miaka mitano, yatutosha na kubaki.
Kununua uvumilivu usio na kazi nao
ni wizi, ila umevaa tai.

Lakini ziwe mbili, na zisitoke katoni moja.
Mapacha wa saa moja huugua saa moja.
Na dhamana iwe na mlango
ambao mtu anaweza kuufikia kwa basi akaugonga.

Zikija, nitafanya jambo utakaloliita kichaa:
karani ataandika, nami nitang'oa waya ukutani.
Mara ishirini.
Kila umeme ukirudi nitahesabu mistari.
Ukikosekana mmoja, zirudi zilikotoka,
na mimi nitafute kazi nyingine.

Juzi nilimkuta Bi Apronia dukani kwa Mpeme,
ananunua chumvi.
Akaniuliza, "Yenu imeshajifunza kuandika?"
Nikamwambia tunatafuta nyingine.
Akacheka, mkono umeshika pembe ya kanga.
Msimu huu pia atafunga fundo. Mwache afunge.

Idadi: mbili.
Weka sahihi hapo chini, Bwana Chilumba,
kwa wino, tafadhali.